Mkimbiaji Ana Haki ya Kuuliza

Kila mara mbio mpya za marathoni zinapotangazwa katika nchi yetu, sauti mbili husikika. Ya kwanza ni sauti ya vigelegele. Hiyo husifu ukubwa wa zawadi, wageni watakaowasili kutoka pande zote za dunia, na jina la mji litakalovuma. Ya pili ni sauti ya chini, nayo hutoka kwa wale wenyewe watakaokimbia. Huuliza: Njia hiyo imepimwa na nani? Fedha hizo zimewekwa wapi? Barabara zitafungwa kwa amri ya nani? Sauti ya kwanza hupigiwa makofi. Ya pili huamriwa inyamaze, na wenye sauti hiyo huitwa watu wa kijicho, waoga, na maadui wa maendeleo.

Msomaji kijana, insha hii ni utetezi wa sauti ya pili. Nasema kuwa mkimbiaji anayeuliza hakosi adabu wala hana wivu. Anatumia haki yake. Nasema tena kuwa mwandalizi anayechukizwa na maswali amekwisha kutoa jibu la kwanza, na jibu hilo si zuri.

Ni haki tuwasikilize kwanza wapinzani wetu, maana hoja isiyosikilizwa haiwezi kujibiwa. Wao husema mambo matatu. Husema kuwa kila kikubwa kilianza kikiwa kidogo, na kwamba watu wakikishuku kila kichanga hakuna kitakachokua. Husema kuwa mkimbiaji ni mgeni aliyealikwa karamuni, na mgeni mwenye adabu haingii jikoni kukagua vyungu. Mwisho husema kuwa shaka ikitamkwa hadharani huwafukuza wadhamini, na wadhamini wakienda zao, mwandalizi na mkimbiaji hulala njaa pamoja. Hoja hizi si za kipuuzi, nami sitazikimbia. Lakini kabla ya kuzijibu inafaa tujue mkimbiaji hutoa nini anapokubali mwaliko.

Marathoni ni safari ya kilomita 42 na mita 195, nayo haimaliziki kwa nguvu za asubuhi moja. Mkimbiaji hodari hujiandaa kwa miezi mitatu au minne kwa ajili ya siku moja. Huamka kabla ya jua, hupanda vilima, hupima chakula chake na usingizi wake, na kazi nyingine ambazo zingemtia senti mfukoni huziacha. Siku hiyo ikiisha, mwili hudai mapumziko ya majuma kadhaa. Ndiyo sababu mabingwa wengi hawakimbii marathoni zaidi ya mbili au tatu kwa mwaka. Tafakari maana ya hesabu hiyo. Mwenye duka aliyepata hasara Jumatatu aweza kufungua mlango tena Jumanne. Mkimbiaji hana Jumanne. Yeye ni kama mkulima anayetegemea mvua: misimu yake yahesabika, na mbegu aliyoitupa juu ya jabali hawezi kuirudisha ghalani. Mashindano yakiwa ya uongo, hakupoteza asubuhi moja. Amepoteza nusu ya mwaka, na ujana wa mkimbiaji hauna miaka mingi.

Sasa tazama utaratibu wa malipo. Sokoni mtu hukiona kitambaa, hukishika, kisha hulipa. Katika mbio mambo huenda kinyume. Mkimbiaji wa kawaida hulipa ada ya kujiandikisha majuma au miezi kabla ya siku yenyewe, naye mkononi hana kitu ila stakabadhi. Bingwa hutoa jasho lake lote kwanza, kisha huisubiri zawadi. Na kwa kawaida hungoja muda mrefu, mpaka majibu ya vipimo vya dawa za kututumua misuli yarudi na matokeo yathibitishwe. Kungoja huko kuna sababu njema, wala sikulaumu. Nataka tu uone maana yake. Mkimbiaji wa kawaida amemkopesha mwandalizi fedha. Bingwa amemkopesha miguu. Wote wawili ni wadai, na mwandalizi ndiye mdaiwa.

Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Kama ni deni, basi na lifuate sheria za madeni. Benki haimpi mkulima mkopo kabla ya kuiona hati ya shamba. Mwenye duka hamwandiki mteja daftarini kabla ya kujua anakaa wapi na hulipa lini. Nani amewahi kuwaita hawa wenye kijicho? Husifiwa kwa busara. Kwa nini basi, lililo busara kwa benki ligeuke kuwa fitina kwa kijana wa Iten au Nyahururu? Hapa ndipo hoja ya mgeni na karamu inapoanguka. Mgeni wa karamu hakulipa chakula. Mkimbiaji amekilipa kabla hakijapikwa; ana kila haki ya kuchungulia jikoni na kuona kama moto umewashwa. Hiyo ndiyo hoja yangu kuu, na yote yafuatayo ni ushahidi wake.

Ahadi ya kwanza ya mwandalizi ni umbali. Umbali wa marathoni haukushuka kutoka mbinguni. Ulitokana na njia iliyotumiwa katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, kutoka jumba la kifalme la Windsor hadi uwanjani, na ulikubaliwa kuwa sheria ya dunia mwaka 1921. Tangu siku hiyo neno marathoni ni kipimo, kama vile kilo ilivyo kipimo. Anayeuza gramu mia tisa akaziita kilo ni mwizi au mzembe, na mnunuzi hafaidiki kwa kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Je, makosa ya namna hiyo hutokea kweli? Hutokea, tena katika miji yenye utajiri na ujuzi. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishinda mjini New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 13, na dunia ikamsifu kuwa amevunja rekodi. Njia ilipopimwa upya baada ya miaka michache, ilionekana kuwa imepungua kiasi cha mita 150, na sifa ile ikafutwa. Katika mji wa Manchester, Uingereza, mbio za mwaka 2013, 2014 na 2015 zilikimbiwa katika njia iliyopungua mita 380. Habari hiyo ilipojulikana mwaka 2016, zaidi ya watu 24,000 walitambua kuwa muda waliouandika kwa fahari haukuwa muda wa marathoni. Mjini Bangkok mwaka 2015 wakimbiaji wa nusu marathoni walielekezwa mahali pasipo pa kugeuka, wakakimbia kiasi cha kilomita 6 zaidi ya walizoahidiwa. Na mjini Brighton mwaka 2021 njia ya marathoni ilizidi kwa mita 568. Huenda ukacheka na kusema kuzidi si kuibiwa. Mwulize aliyejipimia nguvu zake mpaka hatua ya mwisho, kisha hatua ya mwisho ikasogezwa.

Haya yalitukia ingawa njia ya kupima inajulikana, na haihitaji uchawi. Mpimaji hutumia baiskeli yenye kifaa kidogo kwenye gurudumu la mbele, kinachohesabu mizunguko. Kifaa hicho kilibuniwa Marekani mwaka 1971. Kwanza baiskeli husawazishwa kwa kuendeshwa juu ya mstari ulionyoka ambao urefu wake umekwisha kupimwa kwa utepe wa chuma. Kisha mpimaji huendesha njia yote akishika mstari mfupi kuliko yote ambayo mkimbiaji anaweza kuupita, karibu sana na ukingo wa kila kona. Mwisho huongezwa mita moja kwa kila kilomita, ili njia isije ikapungua kwa bahati mbaya. Kwa marathoni nzima nyongeza hiyo ni kiasi cha mita 42. Kazi ikimalizika hutolewa cheti. Kwa hiyo mkimbiaji anapouliza, "Njia imepimwa na nani?", haombi muujiza. Anaomba kuonyeshwa karatasi. Mwandalizi aliye nayo atamwonyesha kwa muda mfupi kuliko ule wa kumtukana.

Ahadi ya pili ni kuwa njia itaongozwa na kulindwa. Mwezi wa Oktoba 2017, katika marathoni ya Venice, wakimbiaji waliokuwa mbele ya wenzao wote, Wakenya wakiwa miongoni mwao, waliifuata pikipiki iliyopaswa kuwaongoza. Pikipiki ikaacha njia, nao wakaacha njia pamoja nayo. Walipogeuzwa wakarudi, dakika mbili hivi zilikuwa zimekwisha kupotea, na ushindi umekwenda kwa mwingine, ambaye hakufanya kosa lolote ila kubaki penye njia. Fikiri juu ya kijana aliyevuka bahari na kutii alama aliyowekewa, akashindwa kwa sababu ya utiifu wake. Kama haya yaliwapata katika mbio zilizokwisha kukimbiwa kwa miaka mingi, itakuwaje katika mbio ambazo kamati yake haijawahi hata mara moja kufunga njia panda?

Ahadi ya tatu ni kubwa kuliko zote, nayo ni uhai. Mwaka 1904 Michezo ya Olimpiki ilifanywa St. Louis, Marekani. Marathoni ilianza mchana katika joto la nyuzi 32 hivi, juu ya barabara za vumbi, na maji yalipatikana mahali pachache mno, kwa sababu wakuu wa mbio walitaka kuona jinsi mwili unavyostahimili kiu. Wakimbiaji 32 walianza. 14 tu walimaliza. Mmoja alikutwa ameanguka kando ya njia, akivuja damu ndani ya mwili kwa vumbi alilolimeza. Mshindi, Thomas Hicks, aliletwa mpaka mwisho akinyweshwa pombe iliyochanganywa na sumu ambayo watu huitumia kuua panya, maana siku zile baadhi ya watu waliiona kuwa ni dawa ya kuongeza nguvu. Hiyo ndiyo hali ya mbio ambazo ndani yake hakuna aliyeruhusiwa kuuliza.

Usiseme hayo ni ya kale. Tarehe 22 Mei 2021, katika jimbo la Gansu, Uchina, watu 172 walianza mbio za kilomita 100 milimani. Walivaa nguo nyepesi za mchana wa joto. Juu ya mlima hali ya hewa iligeuka ghafla: upepo mkali, mvua ya barafu na baridi ya kukausha viungo. Watu 21 walikufa. Mchunga kondoo mmoja, aliyekuwa amejihifadhi pangoni, aliwaokoa sita. Uchunguzi wa serikali haukulilaumu wingu peke yake. Uliwalaumu waandalizi na maofisa kwa maandalizi dhaifu. Nami nasema bila kusita: wale 21 wasingekuwa watovu wa adabu kama wangaliuliza mapema, "Mlimani kuna nini cha kutuokoa?"

Leo sheria za riadha za dunia zataka vituo vya maji na viburudisho viwekwe kila baada ya kilomita 5 hivi. Zataka madaktari wawepo, na mkimbiaji akiamriwa na daktari kuacha mbio, aache mara moja. Kwa hiyo anayeuliza juu ya maji na gari la wagonjwa haulizi juu ya starehe. Anauliza kama sheria itafuatwa.

Ahadi ya nne ni kuwa mashindano yatakuwa mashindano kweli. Mwaka 1904 katika St. Louis ile ile, Fred Lorz alipanda motokaa sehemu kubwa ya safari, akaingia uwanjani wa kwanza, na nusura avikwe taji. Mwaka 1980 mjini Boston, Rosie Ruiz alikata utepe kabla ya wanawake wengine wote. Ikabainika kuwa hakukimbia njia yote, na ushindi ukarudishwa kwa Jacqueline Gareau wa Kanada. Hao walikuwa wakimbiaji wenye hila, wala siwatetei. Mkimbiaji naye ana deni lake la uaminifu. Lakini hila nyingine huwa na mizizi katika ofisi ya waandalizi. Mwezi wa Aprili 2024, katika nusu marathoni ya Beijing, Wakenya wawili na Mwethiopia mmoja walionekana wakipunguza mwendo karibu na utepe, wakamwacha Mchina mmoja atangulie kwa sekunde moja. Uchunguzi ukabainisha kuwa wageni wale waliletwa kazi ya kushika kasi, lakini hawakutambulishwa hivyo kwa watazamaji wala kwa washindani. Wote wanne walinyang'anywa matokeo, medali na zawadi. Yatazame mapato ya jambo hilo: jina la Kenya lilitajwa kote duniani kwa aibu, kwa sababu mpango wa kazi haukuwekwa wazi tangu mwanzo. Swali moja lililoulizwa kwa sauti kabla ya siku ile, "Sisi tumeitwa kushindana au kusindikiza?", lingaliepusha fedheha yote.

Ahadi ya tano ni fedha. Hapa sitataja mji wala mtu, maana jambo lenyewe ni rahisi na halihitaji mfano wa kigeni. Kuandika shilingi milioni kadhaa juu ya bango hakugharimu zaidi ya rangi. Tarakimu kubwa juu ya karatasi na tarakimu kubwa katika benki zaandikwa kwa namna moja, lakini si ndugu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwandalizi mwaminifu anayo dawa rahisi: na aiweke zawadi katika akaunti maalumu kabla ya bunduki kulia, chini ya mkono wa mtu wa tatu asiye na faida katika shauri hilo, kisha aitangaze tarehe ya kulipa. Kadhalika na aandike, kwa maneno yasiyohitaji wakili, ada ya wakimbiaji itarudishwaje endapo mbio zitaahirishwa au zitavunjika. Akifanya hayo, shaka yote itakufa bila kupigwa. Asipofanya, kosa si la shaka.

Sasa turudi kwa wapinzani wetu. Walisema kila kikubwa kilianza kidogo. Ni kweli tupu. Lakini wasahau kuwa kilianza kidogo hata katika ahadi zake. Marathoni ya New York ilipoanzishwa mwaka 1970, watu 127 walijiandikisha kwa ada ya dola moja, wakazunguka ndani ya bustani ya mji, na 55 tu wakamaliza. Haikujiita kubwa kuliko zote duniani. Iliahidi kidogo, ikatimiza kidogo, ikaaminiwa. Na mwaka 2024 ilimalizwa na watu zaidi ya 55,000. Mimi siyakatai mashindano kwa sababu ni machanga. Nayakataa machanga yanayojivika ndevu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ahadi iliyozidi kimo cha mwenye kuitoa ina ukingo wake.

Tazama pia jinsi ukweli ulivyo na heshima hata pale unapopunguza sifa. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alikimbia Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, kasi ambayo hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuifikia katika umbali huo. Haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa njia ya Boston huteremka kupita kiasi kinachoruhusiwa, na mwanzo wake uko mbali mno na mwisho wake. Mwaka 2019 mjini Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Nayo haikuandikwa rekodi, kwa kuwa alisaidiwa na makundi ya washika kasi waliopokezana, na hayakuwa mashindano ya wote. Je, kuna aliyemdharau Mutai au Kipchoge? Hakuna, maana masharti yalijulikana mapema na hakuna aliyedanganywa. Kazi iliyopewa jina lake halisi haiaibiki. Kinachoaibisha ni kazi iliyoazima jina la nyingine.

Walisema tena kuwa maswali huwafukuza wadhamini. Naomba wafikiri upya. Mdhamini mwenye akili hutoa fedha ili jina lake lisimame karibu na jambo jema. Je, kipi kitalichafua jina lake zaidi: maswali kumi kabla ya mbio, au wakimbiaji mia wakilia baada yake? Anayefukuzwa na swali ni yule aliyekuja kwa matumaini kuwa halitaulizwa. Huyo akiondoka hatukupoteza mdhamini; tumeokoka. Zaidi ya hayo, mwandalizi mmoja laghai huwadhulumu waandalizi kumi waaminifu. Watu wakiibiwa mara moja hujifunga mikono, na mtu mwema ajaye kesho na mbio za kweli hukuta milango imefungwa. Kumhoji wa leo ni kumtengenezea njia wa kesho.

Walakini haki hii, kama haki nyingine zote, ina mipaka. Kuuliza si kuzua. Anayesema, "Onyesha cheti," ameuliza. Anayesema, "Nimesikia hawa ni wezi," wala hakumsikia mtu yeyote, amezua, na uzushi ni wizi wa jina la mtu. Swali lafaa liwe na jambo maalumu, lipelekwe kwa mwenye kujibu, na lipewe muda wa kujibiwa. Jibu likija, tena likiwa na ushahidi, muulizaji anapaswa kulipokea kwa moyo mweupe na kulitangaza kwa sauti ile ile aliyoulizia. Mtu aliyejibiwa akaendelea kushuku kwa sababu tu ameonja utamu wa kushuku, huyo ameacha kuwa mlinzi, amekuwa mbwa anayembwekea hata mwenye nyumba. Simtetei huyo hata kidogo.

Basi, kijana msomaji, huenda wewe si mkimbiaji, na waweza kudhani kuwa maneno haya si yako. Ni yako. Baada ya miaka michache baadhi yenu mtavaa nambari kifuani. Wengine mtakuwa makarani wa kaunti, na ombi la kufunga barabara litaletwa mezani kwenu. Wengine mtakuwa waandishi wa habari, nanyi mtapewa tangazo lenye tarakimu kubwa na kuambiwa mlichape lilivyo. Wengine mtakuwa watunza hazina wa kamati, na wachache mtakuwa waandalizi wenyewe. Kila mmoja wenu atasimama siku moja mbele ya ahadi mpya inayong'aa.

Siku hiyo usikubali kuona haya. Uliza njia imepimwa na nani, na cheti chake kiko wapi. Uliza kama chama cha riadha cha nchi kimetoa kibali, na kama polisi wanajua ni barabara gani zitafungwa na kwa saa ngapi. Uliza maji yako wapi, na daktari ni nani. Uliza zawadi imewekwa kwa nani, italipwa lini, na ada itarudishwaje. Uliza majina ya wanaoandaa na kazi walizokwisha kuzifanya. Maswali hayo ni machache, na majibu yake yatosha katika ukurasa mmoja. Mwandalizi aliyejiandaa atakushukuru, kwa sababu umempa nafasi ya kuonyesha kazi yake. Asiyejiandaa atakukasirikia, na hasira yake itawaokoa wengi.

Taifa letu limejulikana duniani kwa miguu ya vijana wake. Miguu hiyo imelisha wazazi, imejenga nyumba, imesomesha wadogo, na imepandisha bendera yetu katika viwanja ambavyo wengi wetu hatutaviona. Ni mali kubwa, na mali kubwa haikabidhiwi kwa mtu kwa sababu tu bango lake lina rangi nzuri. Anayeitaka na atoe dhamana kwanza.